Baada ya Kebo au kwa Sababu ya Kebo?

Miongoni mwa hitilafu za kompyuta, iliyo ngumu sana kuitolea hukumu ni ya diski inayoonekana leo na kupotea kesho, kwa kuwa kifaa kilichokufa kabisa hukubali kuchunguzwa, ilhali kinachopotea na kurejea mara nyingi huwa kizima saa ileile kinapowekwa juu ya meza ya fundi. Kompyuta inapowashwa, ubao mama, yaani bamba linalounganisha viungo vyake vyote, huita kila diski na kungoja jibu. Diski isipojibu, huhesabiwa kuwa haipo, ijapokuwa picha na hati za mwenyewe zimo ndani yake vilevile. Fundi huchomoa kebo, akachomeka nyingine, diski ikaonekana, naye husema kebo ndiyo iliyokuwa mbovu. Swali la kifalsafa limo katika hilo neno "ndiyo", ambalo kwa Kiswahili huitwika kebo lawama yote na kuviondolea vitu vingine vyote.

Swali hili, la kama kinachofuata jambo kimesababishwa nalo, alilichambua Abu Hamid al-Ghazali (1058–1111), mwanachuoni ambaye vitabu vyake vimesomwa kwa vizazi vingi katika darsa za pwani ya Afrika Mashariki. Katika mjadala wa 17 wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alichokimaliza mwaka 1095, aliutumia mfano wa pamba iliyogusana na moto, akashikilia kuwa jicho huona kuungua kukitokea pale moto ulipo, lakini haliuoni moto wenyewe ukiunguza. Kinachoyaunganisha mambo hayo mawili ni ada, yaani desturi ya Mwenyezi Mungu ya kuliumba moja pamoja na jingine, wala si ulazima uliomo katika vitu. Wala hakulikwepa pingamizi lililo zito: kama hakuna ulazima, mtu aliyeacha kitabu nyumbani atajuaje kwamba hakikugeuka mnyama? Alijibu kuwa Mungu humuumbia mtu ujuzi kwamba jambo hilo, ingawa linawezekana, halikutokea. Mwanafalsafa Ibn Rushd, aliyefariki mwaka 1198, hakuridhika, akajibu kuwa anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, kwa kuwa kujua kitu ni kukijua kwa sababu zake.

Diski ya Crucial m4, ambayo ni ya aina isiyo na sahani zinazozunguka, inaonyesha jinsi tahadhari ya al-Ghazali ilivyo na uzito hata kwa asiyeifuata itikadi yake. Diski hiyo, ilipofikisha jumla ya saa 5,184 za kuwashwa, ambazo ni sawa na siku 216 kamili, iliacha kujibu. Ikizimwa na kuwashwa upya ilirejea, kisha ikapotea tena kila baada ya saa moja. Chanzo kilikuwa kosa katika programu ya ndani, yaani maagizo ambayo mtengenezaji huyapachika katika diski yenyewe, na marekebisho yakatolewa Januari 2012. Sasa, kwa kawaida kompyuta huzimwa kwanza ndipo kebo ibadilishwe, na kule kuzima peke yake kulitosha kuirejesha diski. Kwa hiyo kebo mpya ingepewa sifa ya kazi isiyoifanya, na kebo ya zamani, nzima kabisa, ingetupwa.

Hata hivyo, haifuati kwamba sababu haijulikani kamwe, na hapa Ibn Rushd ana haki yake. Diski nyingi zina SMART, yaani mfumo wa kujipima, ambamo kihesabu namba 199 huongezeka data inapoharibika njiani kati ya diski na ubao mama. Kikiendelea kupanda kwa kebo moja na kutulia kwa nyingine, tuhuma dhidi ya kebo imepata ushahidi. Ushahidi ulio imara zaidi ni kuirudisha kebo ya zamani na kungoja kuona kama hitilafu nayo itarudi, na hiyo ndiyo njia ya tofauti aliyoieleza mwanafalsafa John Stuart Mill mwaka 1843: mambo yote yabaki yalivyo isipokuwa moja.

Lakini jaribio hilo linafanywa juu ya mali ya mtu. Diski ya sahani inayotoa mlio wa kugongagonga huweza kuharibika zaidi kila inapowashwa, na aliyeileta ameikabidhi kwa fundi kama amana, si kama kitu cha kufanyiwa utafiti. Kwa hiyo diski ikionekana tu, hata kwa bahati, ni wajibu data inakiliwe kwingine kabla ya swali lolote la sababu, na pasipo ruhusa ya mwenyewe jaribio la kuirudisha hitilafu lisifanywe kabisa. Fundi asiyelifanya, anapoandika risiti, na aandike "imeonekana baada ya kubadilishwa kebo". "Kwa sababu ya kebo" hajaithibitisha.