Haki ya Kusikia Shaka

Je, ni halali kumficha mtu shaka uliyo nayo ili umwokoe? Swali hili hunirudia kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa mvua za msimu, kwa sababu mimi, afisa ugani wa kata huku Kahama na mzee wa kanisa, ndiye ninayeusoma kwenye mikutano ya vijiji. Utabiri hausemi itanyesha au haitanyesha. Unagawa uwezekano mafungu matatu, chini ya wastani, wastani na juu ya wastani, kila fungu na asilimia yake. Mkulima wa pamba anataka jibu moja. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, naye anataka jibu moja: vijana washuke au wasishuke?

Mzee mmoja aliwahi kusimama mkutanoni, fimbo mkononi, akaniuliza mbele ya watu: "Mayu, mvua ni ya Mungu. Wewe kakuambia nani?" Lilikuwa swali la haki. Usukumani mtemi alibeba dhamana ya mvua, na ikikosekana angeweza kuondolewa kwenye kiti chake. Aliyekulia kwenye simulizi hizo anajua kwamba kuitamka mvua ya kesho ni kujitwika mzigo mzito. Jirani zangu Waislamu nao hunitajia Sura ya Luqman, ambamo kuteremsha mvua kumetajwa pamoja na mambo yaliyo mikononi mwa Mwenyezi Mungu.

"Baba," nilimjibu, "hakuna aliyeniambia. Bahari ndiyo imepimwa."

Nikaeleza. Mwaka 2023 maji ya juu ya Pasifiki yalipata joto, ndiyo El Niño, na Bahari ya Hindi upande wa pwani yetu nayo ikapata joto kuliko kawaida. Hali hizo mbili zikikutana, mvuke mwingi husukumwa kuja Afrika Mashariki. Lakini kutoka baharini hadi kwenye jaruba la mtu mmoja kuna mengi yasiyopimika, na asilimia ndiyo namna ya kuyakiri. Kwangu mimi kuyakiri ni ibada. Anayetamka kesho kwa uhakika amechukua kisicho chake, hata kama nia yake ni njema.

Nia njema ndiyo inayonisumbua. Januari 2024 machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, yaliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Viongozi walieleza kwamba uchimbaji hapo ulikuwa umezuiwa kwa sababu ya mvua kubwa, na kwamba wale vijana walianza kazi usiku wa manane. Baada ya hapo nilisikia watumishi wenzangu wakisema asilimia ziachwe, watu watishwe tu. Naelewa uchungu wao. Sikubaliani nao. Kijana uliyemwambia jana "ukishuka utakufa", akashuka na kupanda na mfuko wa mawe, hatakusikiliza kesho. Na hata angenisikiliza, ningekuwa nimemnyang'anya uamuzi juu ya uhai wake mwenyewe. Mungu amempa akili ya kupima kama aliyonipa mimi.

Upo pia udanganyifu wa kutuliza, nao ni mbaya zaidi. Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi kwamba El Niño iliyohofiwa haitakuja tena, kutakuwa na mvua kubwa tu. Kabla mwaka haujaisha, mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Shaka ilikuwepo kwenye utabiri tangu mwanzo. Kwa wananchi ikafika kama uhakika.

Ezekieli ananifundisha kwamba mlinzi akipiga tarumbeta, damu ya asiyejali haitakuwa juu yake. Naogopa jinsi watumishi wa umma tunavyolipenda fungu hilo: tunabandika zuio, tunaondoka tukijiona safi. Mradi wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza hapa Shinyanga mwaka 1986, ulipita njia nyingine. Ardhi ilikuwa imebaki uchi baada ya miaka mingi ya kufyeka vichaka, kwanza kwa amri ya wakoloni waliopambana na mbung'o. Mradi uliwarudisha watu kwenye ngitili, malisho ya akiba ambayo Wasukuma walikuwa wakiyatenga tangu zamani, na sheria za kuyalinda wakaziamua wenyewe katika mikutano yao ya dagashida. Maelfu kwa maelfu ya hekta yakaota miti tena. Aliyekuwa akionywa alipewa pia mahali pa kulishia ng'ombe wake kiangazi.

Msimu uliopita nilisimama kwenye mdomo wa duara pamoja na vijana wanne. Sikuwatajia asilimia 60 ya fungu la juu ya wastani. Nilisema: "Chukueni misimu kumi inayoanza kama huu. Sita ina mvua kubwa. Matimba haya yatashika katika hiyo sita?" Mmoja aliinama, akabandua udongo ukutani kati ya nguzo mbili, akauminya. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Mama, kwa udongo huu hata ile minne siiamini," akasema. Kisha akaniuliza, "Tukisimama miezi miwili, tutakula nini?"

Kwenye taarifa yangu kwa halmashauri nililiandika swali hilo kama alivyolisema, mstari wa kwanza, juu ya jedwali la asilimia.