Bei ya Ujana

Je, auzaye pikipiki ya ujana wake huuza chuma au huuza umri? Swali hili humkabili mtu wa Iringa aliyeikarabati pikipiki yake ndogo ya pedeli, yenye injini ya sentimita za ujazo 50, kisha akapata mnunuzi kijana kutoka Mbeya.

Aghalabu mwenye mali hupandisha bei kwa yale ayakumbukayo: mteremko wa kutoka mjini hadi Ipogolo, baridi ya asubuhi kifuani, mwenziwe akicheka nyuma yake. Hayo hayamo katika bidhaa. Mnunuzi hatayapata hata akilipa mara mbili, na kumtoza kwayo ni kumuuzia kivuli bila ya mti.

Hata hivyo, ujana ule ulimwachia kitu kinachoweza kukabidhiwa, nacho ni ujuzi. Injini ya namna hii, ya mipigo miwili, hutaka petroli iliyochanganywa na oili. Kijana aliyezoea bodaboda, ambayo oili yake hukaa pekee ndani ya injini, atajaza petroli tupu. Huenda pistoni ikakwama kabla hajafika Makambako. Breki nazo ni dhaifu, na barabara kuu ina malori mengi.

Hapana budi ayaseme haya yote, ijapokuwa bei itashuka. Akinyamaza, atakuwa amelipwa kwa kumbukumbu ambazo bado anazo, na amezuia ujuzi ambao mwenziwe anauhitaji ili afike salama.