Mwanahistoria Anapokabidhiwa Ofisi

Isaria Kimambo alichapisha historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, mwaka uleule ambao yeye na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichotumiwa na wanafunzi wengi. Kitabu chake kikubwa cha pili juu ya Upare, kinachoeleza jinsi uchumi wa dunia ulivyowafikia wakulima na jinsi walivyoupinga, kilitoka 1991. Katikati hapo alishika pia wadhifa wa Ofisa Mkuu wa Taaluma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kazi ya vikao vya seneti, ajira, mitaala na majalada. Wapo wanaoihesabu miaka ya namna hiyo kuwa hasara tupu, na swali lao ni zito kimaadili: mtu aliyejaliwa kipaji cha kuutafuta ukweli juu ya marehemu, ana haki gani ya kukiweka kando ili asimamie taasisi ya walio hai? Naamini anayo haki hiyo, na mara nyingine ni wajibu wake. Lakini ina sharti, na sharti hilo linaonekana wazi zaidi Geita na Shinyanga kuliko pale chuoni Mlimani.

Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa baraza la mseto wa rangi walilowekewa na Waingereza, wakaandamana hadi Mwanza, wakati chama cha TANU kilikuwa kimepigwa marufuku Usukuma tangu 1954. Tunayajua hayo kwa kina kwa sababu majalada yalitunzwa, na kwa sababu Mmarekani Andrew Maguire alifanya utafiti wake wahusika wengi wakiwa bado hai. Vivyo hivyo Buluda Itandala wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika historia ya Babinza wa Usukuma hadi 1890. Sasa tazama Bulyanhulu, Kahama, mwaka 1996. Wachimbaji wadogo waliondolewa kupisha mgodi mkubwa. Yakatolewa madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa ndani ya maduara, yaani mashimo ya kuchimbia. Serikali na kampuni zikakanusha. Mchimbaji mdogo mara nyingi hushuka shimoni bila jina lake kuandikwa popote, kwa hiyo hata kuwahesabu waliokuwa chini ni kazi ya kumtafuta shahidi mmoja mmoja. Wanaharakati, wanasheria na wenye mgodi wamesema mengi, kila mmoja akiwa na upande wake. Kinachoitenganisha Geita ya 1958 na Bulyanhulu si ushujaa wa watu peke yake, bali kumbukumbu zilizotunzwa. Lazima awepo mtu wa kutunza masjala, wa kutoa kibali, wa kutenga fedha za kumpeleka mtafiti uwandani, na wa kumlinda anaporudi na majibu yasiyopendeza. Hiyo ni kazi ya utawala.

Atakayenipinga atasema ofisi huua dhamiri: aliyezoea kusema ukweli huzoeshwa kunyamaza. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni Dar es Salaam baada ya kumwandikia makamu mkuu wa chuo barua ya wazi. Hata hivyo, ofisi inafundisha jambo ambalo maktaba haiwezi kulifundisha. Katikati ya miaka ya 1970, katika msako wa wauaji wa watu waliodhaniwa wachawi huko Shinyanga na Mwanza, watuhumiwa waliteswa na wengine wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977 kwa matendo ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Mwanahistoria anayeandika habari hiyo hutoa hukumu akiwa salama. Akipewa ofisi, naye huingia mahali ambapo mtu huulizwa juu ya yaliyofanywa na walio chini yake. Zaidi ya wengine, yeye anajua kwamba dokezo analoliandika leo litasomwa na mgeni baada ya miaka hamsini. Akinyofoa kurasa za jalada kosa lake ni kubwa kuliko la karani, maana yeye anaijua thamani ya kinachopotea.

Pingamizi linalohusu wazee wanaokufa na kumbukumbu zao ni gumu zaidi, na sidhani lina jibu kamili. Utawala wa watemi ulifutwa 1963. Aliyekuwa kijana siku hizo leo amepita miaka themanini. Hawezi kumsubiri profesa amalize kipindi chake cha uongozi. Kila mzee anayezikwa Shinyanga bila kuhojiwa ni hasara isiyofidika, na cheo hakimsamehei mtu hasara hiyo. Ila mtafiti mmoja, hata akiishi miaka mingi, atamaliza ukoo mmoja au wilaya moja, ilhali mwenye kushika bajeti anaweza kuwatuma ishirini. Hapo ndipo penye sharti: awatume kweli. Mwaka 2008 Kimambo, pamoja na Bertram Mapunda na Yusufu Lawi, alihariri historia ya chuo chenyewe, taasisi aliyowahi kuisimamia, ikawekwa mbele ya wasomaji waichunguze. Kwangu hicho ni kipimo kizuri kuliko idadi ya vikao.

Basi nyinyi maprofesa wa historia mnaokalia viti vya utawala leo, tengeni fungu katika bajeti ijayo kwa ajili ya ushuhuda wa wazee wa Kahama, Geita na mgodi wa Mwadui. Wapelekeni wanafunzi wanaokijua Kisukuma, na kanda zao ziwekwe mahali ambapo mtoto wa mchimbaji anaweza kuzisikiliza.