Aliyepigwa Picha Hakujificha

Je, marehemu ana haki ya siri zake? Swali hili limegawanya grupu yetu ya WhatsApp ya familia. Mimi nasema ndiyo, anayo. Ila kwanza tuulize kama kweli ilikuwa siri.

Niliacha chuo, siku hizi nafanya vibarua vya kuandika, kwa hiyo nyumbani Kitui mimi ndiye "mwenye nafasi". Nikapewa kazi ya kunakili kwa simu picha za susu, dadake nyanya yangu, aliyeolewa upande wa Makueni. Katika picha tano za studio kuna mwanamke kijana kando yake, mara mbili akiwa amebeba mtoto. Nyuma ya moja kuna muhuri wa "Wote, Machakos", maana Makueni haikuwa wilaya hadi 1992. Chini yake, kwa kalamu, neno moja: iweto. Lakini kwenye albamu mtu mwingine ameandika, kwa wino mpya: "mfanyakazi".

Kwa Wakamba, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume angeweza kumlipia mahari mwanamke mwingine, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Huyo ndiye iweto. Hakuja kuosha vyombo. Aliolewa, na wazee walijua.

Mjomba anasema tuyaache, susu aliokoka na hakuyazungumzia tena. Namwelewa. Kuna mambo mtu huenda nayo kaburini, na mjukuu mwenye simu hana ruhusa ya kuyafukua ili tu apate stori. Lakini studio ya enzi hizo si selfi. Ulivaa nguo yako nzuri, ukaenda hadi mjini, ukalipa, ukasimama wima mbele ya pazia, halafu ukarudi siku nyingine kuchukua picha. Susu alifanya hivyo mara tano na mwanamke yule yule. Anayeficha kitu hafanyi hivyo.

Basi siri si ya susu. Ni yetu, na inatulipa: shamba linagawanywa, na watoto wa "mfanyakazi" hawamo kwenye hesabu. Mwaka 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa iliitambua ndoa ya namna hii, ya Wanandi, katika kesi ya mirathi. Kwa hiyo hatuwezi kusema ni mambo ya kale yasiyo na maana.

Tunapenda kusema tunawaheshimu wazee kwa kunyamaza. Wakati mwingine ni kweli. Njia moja ya kujua ni kuuliza nani anapoteza tukinyamaza. Kama ni marehemu tu anayelindwa, tunyamaze. Kama kuna mtu hai anayenyimwa jina na kipande cha ardhi, basi tusimsingizie susu. Picha zote nimezituma kwenye grupu, mbele na nyuma.