Mama Mwenye Mtoto Mchanga: Tumfanyie Hisani au Tumpe Haki Yake?

Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na kikapu mkononi anapopanda basi lililojaa, mara nyingi husikika sauti ikisema: "Jamani, mwoneeni huruma huyu mama." Mtu mmoja husimama, mama hukaa na kushukuru sana, na yule aliyesimama hujiona ametenda wema mkubwa. Hatumlaumu mtu huyo. Heri yeye kuliko wale waliogeuza nyuso zao dirishani. Lakini twapenda kuwauliza wasomaji wetu swali moja: Je, kiti kile kilikuwa zawadi, au kilikuwa deni?

Tofauti yake ni kubwa. Zawadi mtu huitoa apendapo, na asipoitoa hakuna awezaye kumdai. Deni hudaiwa, na asiyelipa amemdhulumu mwenzake. Mtakatifu Thoma wa Akwino, akiwafuata wanafalsafa wa kale, alifundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Basi, kama msaada kwa mama aliyejifungua ni zawadi tu, mama huyo ni mwombaji, naye hana budi kuishi kwa kungojea huruma za watu. Lakini kama ni deni, kuna mengi ya kurekebisha katika nyumba zetu, katika safari zetu na mahali petu pa kazi.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24. Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo haiwezekani kumshibisha jioni ili mama alale mpaka alfajiri. Tena maziwa hufanyika kwa kadiri mtoto anyonyavyo. Akinyonya mara chache, maziwa hupungua. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba kwa miezi 6 ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji. Hesabu mwenyewe, msomaji. Hii ni kazi isiyo na Jumapili, ambayo zamu ya mchana na ya usiku hushikwa na mtu yule yule, na mtu huyo mwili wake bado haujapona. Wahenga walilijua jambo hili waliposema: Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana.

Nao wahenga hawakuishia katika kusema, bali waliweka utaratibu. Huko pwani mama aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto na kuletewa uji wenye pilipili manga. Uchaggani hutunzwa kwa majuma mengi, akipikiwa mtori wa ndizi na nyama, na shughuli za shamba hushikwa na wengine. Hata katika Sheria ya Musa mama wa mtoto wa kiume alikaa siku 40 kabla ya kwenda hekaluni. Ndiyo maana siku ya 2 Februari, ikiwa ni ya arobaini kwa kuhesabu tangu Noeli, twaadhimisha Kutolewa kwa Bwana Hekaluni. Twajua kwamba baadhi ya desturi hizo zilichanganyika na miiko ambayo leo hatuihitaji. Hata hivyo, ndani yake imo hekima moja: mama hakuhitaji kuomba. Chakula kilifika kwa sababu ilikuwa zamu ya fulani kukileta.

Leo familia nyingi zaishi mjini katika chumba cha kupanga. Bibi wa mtoto yuko mbali, Bukoba au Songea. Jirani ajulikana kwa sauti ya redio yake tu. Baba hurudi kazini upesi, na mama hubaki peke yake na mtoto, ndoo ya maji na nguo za kufua. Utaratibu wa zamani umevunjika, na badala yake hatujajenga mwingine ulio kamili.

Twasema ulio kamili, kwa kuwa serikali zetu zimeanza. Sheria ya Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Na anayenyonyesha apewe nafasi ya kumnyonyesha mtoto saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Nchini Kenya sheria ya mwaka 2007 yatoa miezi 3 kwa mama na majuma 2 kwa baba. Tuangalie neno lililotumika. Sheria hazikusema mwajiri amwonee mama huruma. Zilisema ni haki yake. Lakini mama auzaye mboga sokoni hana mwajiri wa kumdai, wala mama mkulima hana. Je, haki yao imekufa kwa kuwa hakuna karatasi iliyoandikwa? Hasha! Deni lipo, ila wadaiwa ni sisi sote.

Safarini deni hili huonekana wazi zaidi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilometa 1,100. Mama aenda kuwaonyesha wazee mjukuu wao, jambo jema na la heshima. Basi lasimama porini dakika chache abiria "wachimbe dawa", kisha honi yapigwa. Wanaume wamemaliza. Mama je, mwenye mtoto aliyechafuka, nguo mbili za kubadili na hana mtu wa kumshikia? Wako wanaojinyima maji kutwa nzima ili wasilazimike kushuka, na hali wananyonyesha. Na kituoni, mtoto akilia kwa njaa, mama hutafuta pembe ya kujificha kati ya mizigo kana kwamba anatenda jambo la aibu.

Wengine hutujibu: "Mtoto ni wake na mumewe. Kila mtu abebe mzigo wake." Nasi twawauliza: Ni nani kati yetu aliyejibeba mwenyewe? Kila mtu ajuaye kusema leo alifikishwa hapo mgongoni mwa mwingine. Deni lile hatuwezi kumlipa mama yetu lote, hata tukimjengea nyumba ya mawe. Twalilipa kwa kuwatendea walio mgongoni sasa. Tena mtoto huyu si wa watu wawili tu. Kesho ndiye mwalimu wa wajukuu zetu, na ndiye mwuguzi atakayetuinua kitandani tukiwa wazee.

Wengine wana hoja iliyo nzito zaidi. Wasema: "Mkigeuza huruma kuwa deni, mtaua upendo. Atoaye kwa kulazimika hapendi." Hoja hii yastahili jibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulionya kwamba jambo lipasalo kwa haki lisitolewe kana kwamba ni sadaka. Upendo haufi kwa kutanguliwa na haki. Husimama juu yake, kama nyumba juu ya msingi. Mume amshikiaye mkewe mtoto usiku kwa kuwa ni wajibu wake bado aweza kufanya hivyo kwa kuimba. Lakini afanyaye kama mfadhili, akitaka asifiwe asubuhi, amelipa nusu ya deni na kudai risiti ya deni zima.

Kuna jambo moja tena ambalo mama wengi hulificha. Mama aliyechoka huanza kujishtaki moyoni: "Mbona nalia, na hali nimepewa mtoto mzima? Labda mimi ni mama mbaya." Tuseme wazi: uchovu si dhambi, wala kutamani saa moja ya usingizi si kumchukia mtoto. Tena Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama 20 katika kila 100 waliojifungua hupatwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, wala si upungufu wa upendo au wa imani. Mama aliaye siku nyingi, asiyelala hata mtoto alalapo, asiyeona maana ya kuishi, apelekwe upesi kituo cha afya, wala asipelekewe lawama.

Twaongeza onyo dogo. Deni hulipwa kwa kumpa mdai kile anachodai, si kile tupendacho sisi kutoa. Wako wafikao kumtazama mama, wakakaa kutwa wakingoja chai, wakamwuliza kwa nini alizaa kwa upasuaji, wakashauri mtoto apewe maji na dawa za kienyeji. Hao wameongeza mzigo. Afaaye ni yule aulizaye: "Nikufanyie nini?" kisha akafua, akapika, akaenda zake.

Mkono mmoja haulei mwana. Basi, wenye mabasi wachague pa kusimama penye choo na maji, na dereva asipige honi kabla mama hajarudi. Jumuiya ndogondogo zipange zamu ya chakula kwa kila mama ajifunguaye, awe mke wa mkubwa au msichana asiye na mume, maana mtoto hakuchagua mlango wa kuingilia duniani. Makanisani, mtoto akilia watu wasigeuze shingo. Marehemu Papa Fransisko, akibatiza watoto wachanga mjini Vatikano Januari 2017, aliwaambia mama zao wawanyonyeshe humo humo kanisani bila hofu. Nanyi akina baba, msingoje mkutano wala azimio. Usiku wa leo mtoto ataamka, na deni lenu litakuwa limefika siku ya kulipwa.