Kadari Haifuti Haki: Wajibu wa Mwenye Kupatwa na Ajali ya Gari

  



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, mtu mmoja alibaki msikitini hata watu wote wakatoka. Alinisogelea akaniuliza, kwa sauti ndogo, kama kufunga miezi miwili kwamtosha mtu aliyemuua mwenzake kwa gari bila ya kukusudia. Nikamwambia anieleze jambo lenyewe. Akasema kwamba alikuwa akitoka upande wa Malindi usiku, akampiga mtu mwenye baiskeli isiyokuwa na taa. Alisita kidogo, akaona kiza, akawaogopa watu, akaenda zake. Siku ya tatu akapata khabari kwamba yule mtu amekufa. Tangu hapo ametoa sadaka na amesomesha khitma, na rafiki zake wamekuwa wakimliwaza wakimwambia: "Usijisumbue. Ile ni kadari ya Mngu. Ajali yake ilikuwa imefika."

Maneno haya ya rafiki zake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwani si wao peke yao wayasemayo. Tumeyazoea majumbani, barazani na hata matangani.

Neno hili letu "ajali" latokana na Kiarabu, nalo maana yake ya asili ni muda uliowekewa kiumbe. Ni kweli kwamba kila nafsi ina muda wake, hautangulii wala haukawii. Asiyeamini hayo imani yake ina kasoro. Lakini Kurani hiyo hiyo iliyotufunza khabari za ajali ndiyo iliyotuamrisha, katika Suratun Nisaa aya ya 92, kwamba mwenye kumuua Muislamu kwa kukosea ni juu yake kumwacha huru mtumwa muumini, na jamaa za marehemu wapewe diya, ila wakiisamehe wenyewe kuwa ni sadaka. Na asiyeweza kupata mtumwa, afunge miezi miwili mfululizo. Sasa tufikiri. Kila aliyeuawa kwa kukosea amekufa kwa ajali yake. Lau kadari ingalikuwa yafuta haki za watu, aya hii ingalishuka kwa ajili ya nani?

Kukosea kwaondoa dhambi ya kukusudia. Hakuondoi deni. Mtu akivunja mtungi wa jirani yake bila ya kutaka, hatumwiti mwovu, lakini twamtaka aulipe. Itakuwaje mtungi ulipwe na damu ya mwanadamu isilipwe?

Wanazuoni wa fikihi wametaja kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Mngu zimshukie, alipotuma mtu kumwita mwanamke mmoja. Yule mwanamke akaingiwa na khofu kubwa, akashikwa na uchungu njiani, akazaa mtoto, na yule mtoto akafa. Umar akawataka shauri masahaba. Baadhi yao wakamwambia kwamba hana lawama, kwani yeye ni kiongozi mwenye kuwatia watu adabu. Sayyidna Ali alikuwa amenyamaza. Alipoulizwa, akasema kwamba ikiwa hiyo ndiyo rai yao basi wamekosea, na ikiwa wamesema ili kumpendeza Umar basi hawakumnasihi; diya ya mtoto ni juu yake. Umar akalikubali neno la Ali, akaamuru diya ilipwe. Umar hakumgusa yule mwanamke, wala hakumwona. Nasi leo twampiga mtu kwa chuma, kisha twaketi pamoja na wenye kutupendeza!

Basi afanye nini mtu aliyepatwa na jambo hili? Nitayataja kwa utaratibu wake.

La kwanza ni kusimama. Sharia ya Mngu yamtaka aokoe nafsi aliyoitia hatarini, na sheria ya nchi ya Kenya, katika sura ya 403 ya mambo ya barabarani, yamlazimisha dereva asimame na ataje jina lake na mahali akaapo kwa mwenye haki ya kumuuliza. Na kama hakupata kuyataja, aende akapige ripoti polisi upesi awezavyo, yasipite masaa 24. Hwenda mtu akasema: "Watu wataniua." Khofu hii si ya bure, kwani tumeona madereva wakipigwa na kundi la watu hata kufa, na hilo ni dhulma nyingine. Mwenye kuikhofia roho yake kwa haki, na aende moja kwa moja katika kituo cha polisi kilicho karibu, aseme mahali alipomwacha majeruhi, na ataka msaada upelekwe saa ile ile. Huko si kukimbia. Kukimbia ni kwenda nyumbani ukafunga mlango.

La pili ni kuwalinda walio hai. Zima gari, washa taa za hatari, weka vile vibao vya pembetatu mbali kidogo nyuma na mbele. Piga simu 999 au 112. Jeraha litokalo damu nyingi lishindilie kwa kitambaa safi usiachilie. Usimvute majeruhi kwa mikono na miguu, maana hwenda shingo au mgongo umevunjika. Ila ikiwa pana moto au hatari nyingine, hapo mtoe. Na akifikishwa hospitali, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 43, yasema kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Na mawe na matawi mliyoyaweka njiani, yaondoeni mkishamaliza. Mtume S.A.W. ametufunza kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi katika matawi ya imani. Nasi twaacha jiwe la tairi katikati ya barabara limuue mwingine usiku ule ule!

La tatu ni kusema kweli. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Aliyekuwa akiendesha hana leseni, basi aambiwa mwenye leseni aseme ni yeye. Mtu ambaye hakuwamo garini aandikwa kuwa ameumia, ili bima ilipe. Shahidi apewa kitu kidogo anyamaze. Ndugu zangu, huu ni ushahidi wa uongo, nao ni katika madhambi makubwa. Ajali ilikuwa ni kukosea. Uongo huu ni kukusudia. Mtu aingia katika jambo akiwa na udhuru, atoka hali hana.

La nne ni kulipa. Diya ya kuua kwa kukosea, kwa asili yake, huchukuliwa na jamaa za kiumeni za aliyeua, na hulipwa katika miaka mitatu, ili mzigo usimvunje mtu mmoja. Angalia hekima hii: jamaa waliokuwa wakimwambia "usijisumbue" ndio wanaopasa kuchanga. Lakini kafara ni yake mwenyewe. Leo hapana watumwa, basi imebaki saumu ya miezi miwili mfululizo. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba kulisha masikini hakusimami mahali pa saumu hii. Waliokufa wakiwa wawili, kafara ni mbili.

Mtu hwenda akauliza: "Na ikiwa kosa halikuwa langu?" Suala hili ni la haki. Baraza la kimataifa la fikihi ya Kiislamu, katika mkutano wake wa nane uliofanyika Brunei mwaka 1993, liliamua kwamba dereva ni mwenye kubeba dhara aliyowapata watu kwa gari lake, isipokuwa likitokea jambo lenye nguvu asiloweza kulizuia, au ikiwa sababu hasa ni kitendo cha mwenyewe aliyedhurika, au ni kosa la mtu wa tatu. Na wakishirikiana katika kosa, kila mmoja hubeba sehemu yake. Baraza hilo likasema vile vile kwamba kuzifuata kanuni za barabarani ni wajibu wa kisharia. Basi mwenye kwenda mbio kupita kiasi, au mwenye kusinzia, au mwenye kutazama simu, asiseme kwamba mwenye baiskeli hakuwa na taa.

Na bima? Sheria ya nchi yalazimisha kila gari liwe na bima ya kuwafidia watu wengine, na fedha hizo zikiwafikia warithi ni kheri. Lakini warithi wengi hawajui njia yake. Ni juu yako uwape nambari ya gari na karatasi za polisi, wala usiwafiche. Tena bima hulipa fedha tu. Haimfungii mtu saumu. Wala Kadhi hatakuita, kwani mahakama zake, kwa ibara ya 170 ya Katiba, zahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kwa hivyo katika kafara yako hapana askari wala hakimu. Ni wewe na Mola wako.

Na nyinyi mliofika penye ajali, mcheni Mngu. Kumpekua majeruhi mifuko ni wizi, tena ni wizi wa mtu asiyeweza kupiga kelele. Tusisahau yaliyotokea Sachang'wan, karibu na Molo, Januari 2009, watu walipokwenda kuteka mafuta katika lori lililopinduka, moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 100. Wala msipige picha za maiti za watu mkazitembeza. Heshima ya maiti ni kama heshima ya aliye hai.

Na jamaa za marehemu wana mlango wa ujira mkubwa. Siku ya Uhud, Al-Yaman, baba yake Hudhaifa, aliuawa na Waislamu wenzake kwa kukosea. Mtume S.A.W. akataka kulipa diya yake, lakini Hudhaifa akaitoa sadaka kwa Waislamu. Lakini fahamuni: kusamehe ni hiari ya mwenye haki. Haifai wazee wa mtaa kumwendea mjane siku ya tatu na kumsukuma asamehe, ili kijana wao aokoke. Msamaha wa kuonewa haya si msamaha.

Narejea kwa yule mtu. Nilimwambia kwamba ana madeni matatu: la Mola wake, la warithi, na la sheria, na saumu hulipa la kwanza tu. Alilia sana, akaniuliza: "Na nikifungwa?" Nikamwambia: "Kifungo kina siku ya kutoka." Baadaye alikwenda polisi pamoja na wakili na mzee mmoja wa jamaa zake. Kisha yule mzee nami tukaenda kwa mjane. Hakututukana. Alisema kwamba mumewe aliokotwa alfajiri, na walimkuta bado yuwapumua. Akasema: "Kufa ni ahadi, sina la kusema. Lakini mbona alimwacha peke yake usiku kucha?"

Sikuwa na jawabu. Nalo ndilo suala ambalo kila mmoja wetu ashikaye usukani yampasa alijibu kabla hajatia ufunguo.

Ewe Mola wetu, tulinde tusidhuru wala tusidhuriwe. Na tukikosea, tupe moyo wa kusimama, ulimi wa kusema kweli, na mkono wa kulipa. Amin.