Daftari la Vilivyovunjika

Mwezi wa saba nilivunja chupa ya chai. Niliisuuza kwa maji ya simtanki, na msimu ule hapa Karatu maji ya simtanki yanauma vidole kama meno, kisha papo hapo nikamimina maji yaliyochemka. Ikalia pa! kwa ndani. Nilipoitikisa nikasikia vigae vinacheza mle kama sarafu kwenye kibubu. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi yake hakusema kitu. Alikwenda kwenye kabati, akatoa daftari la shule lililobaki kurasa chache, akaandika kwa mwandiko wa kutulia: "Babu. Chupa ya chai, moja."

Juu ya mstari huo kuna mingine. Sufuria ya maharage, imeungua (nilikuwa nasikiliza taarifa ya habari). Shati jeupe la kanisani, limegeuka rangi ya udongo wa kwetu kwa kufuliwa pamoja na suruali ya shamba. Sebule, imefurika: mtu fulani alifungua bomba wakati maji hayatoki, akasahau kulifunga, na maji ya mgao yakaja saa nane za usiku. Mtu fulani ni mimi.

Hivi ndivyo kustaafu kulivyo. Watu walinieleza habari za mafao, fomu na akaunti ya benki. Hakuna aliyenieleza kwamba mtu aliyekaa kazini miaka thelathini na miwili akirudi nyumbani anakuwa mgeni, hajui hata kifuniko kipi ni cha sufuria ipi. Basi tunacheka. Na mimi nacheka kuliko wote, maana nikikasirika nitakuwa nimevunja chupa na siku yenyewe.

Lakini lile daftari halikuzuka hewani. Mama watoto alilichota kwenye maisha yangu mwenyewe.

Nilifanya kazi kwenye hoteli moja ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Kule juu ni zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage hukaa jikoni hadi mpishi akayachukia, na asubuhi ukungu unaweza kuwa mzito kiasi kwamba mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya kuja kuona kreta anasimama dirishani na kuona dirisha tu. Nilianza kwa kuosha vyombo. Nilimaliza nikiwa mtunza stoo, na mtunza stoo ndiye aliyeshika daftari tulilokuwa tukiliita la brekeji. Lilikuwa na safu tano nilizozichora mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, kitu, idadi, bei. Mwisho wa mwezi linakwenda kwa mhasibu, na kilichoandikwa kinakatwa kwenye mshahara. Safu ya sababu haikuwepo.

Sasa nina hadithi moja ambayo nimeisimulia kwenye harusi, kwenye matanga, hata kwenye foleni ya zahanati. Ilikuwa mwaka 1996, usiku, ukungu umetanda. Kijana mmoja mhudumu alitumwa kupeleka glasi kumi na nne jengo la pili. Katikati ya njia akasikia kitu kinapumua. Akadhani ni mlinzi, akakisalimu: "Shikamoo, mzee." Kitu hakikuitikia marahaba. Akasogea, kumbe mbogo, amesimama anatafuna majani ya bustani ya hoteli! Trei ikaruka, glasi zikaenda zake, kijana akaingia jikoni kwa kupitia dirishani ilhali mlango ulikuwa wazi. Kwa miaka mingi, yeyote aliyechelewa kuitikia salamu pale kazini alikuwa anaitwa mbogo.

Watu huangua kicheko kila mara, na mimi hupenda kicheko hicho. Ni mali yangu ya uzeeni. Wengine walijenga nyumba za kupangisha pale mjini; mimi nina mbogo aliyeamkiwa.

Mwezi wa nane nikakutana naye mnadani. Si mbogo, kijana. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi za pembeni, anauza vitunguu vya Mang'ola. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu!" Tukashikana mikono muda mrefu. Wateja wakiwa wamesimama, nikashindwa kujizuia, nikaanza: huyu mnayemwona hapa aliwahi kumwamkia mbogo. Wakacheka. Na yeye akacheka, tena vizuri tu. Wateja walipoondoka, akawa anafunga gunia huku akisema, bila kunitazama sana: "Mzee, unajua mwezi ule nilikatwa karibu nusu. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili. Alirudishwa kwa ada."

Nikamuuliza, akarudi shule? Akasema, "Hapana, ndiyo ikawa basi." Kisha akaniongezea vitunguu vitatu juu ya kilo niliyolipia.

Tangu siku hiyo kuna swali limekaa kifuani mwangu, na ndilo linalonifanya niandike. Je, mtu ana haki ya kuyaona matamu mambo yaliyomuumiza mwingine, kwa sababu tu miaka imepita? Tunasema muda huponya. Sawa, lakini humponya nani kwanza? Katika hadithi yangu mbogo yupo, ukungu upo, dirisha lipo. Daftari halimo. Na lililoandika kwenye daftari ni mkono wangu.

Mwanangu wa pili alipitia seminari kabla ya kuamua kuoa, akaniachia vitabu. Kimo kimoja cha Aristotle, kile cha maadili, ambacho nilikuwa nakitumia kuzuia mlango usigongwe na upepo. Katika sehemu ya tano anagawa madhara tunayowafanyia wenzetu. Kuna lile linalotokea kinyume na matarajio yote ya mtu mwenye akili: hiyo ni bahati mbaya. Kuna lile ambalo mtu angeweza kulitarajia, ila hakuwa na nia mbaya: hilo ni kosa. Na kuna lile analolifanya akijua: hiyo ni dhuluma. Nikajaribu mizani hiyo nyumbani. Chupa ya chai ni kosa. Mtu yeyote anajua kioo baridi na maji ya moto havipatani. Glasi kumi na nne ni bahati mbaya tupu, maana hakuna kanuni ya uhudumu inayokuandaa kuamkia mbogo. Daftari langu lilikuwa na safu tano lakini halikujua tofauti hiyo. Kwake vyote vilikuwa vigae.

Na mimi je? Nilijua kuhusu mbogo. Nilikuwa wa kwanza kucheka. Nikacheka, nikafuta machozi, nikachukua kalamu, nikaandika jina lake. Glasi, kumi na nne.

Mtaniambia nilifuata utaratibu, na nisingeandika ningekatwa mimi. Ni kweli. Nami nilikuwa na watoto watatu. Tena Aristotle mwenyewe ana mahali anasema mtu anaweza kutenda la dhuluma bila kuwa mtu dhalimu, na hapo nilisoma mara tatu kwa furaha. Mara ya nne nikaona anamzungumzia mtu aliyeshikwa na hasira ya ghafla. Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa na kalamu na rula.

Nilimweleza mama watoto. Akasonya. "Ukianza kukumbuka kila kitu kama kilivyouma, utalala saa ngapi?" Hoja yake si ndogo. Wazee wote wa hapa wana kitu wamekigeuza kicheko ili waweze kukibeba. Yeye mwenyewe ana hadithi ya nyumba yetu, mvua ya kwanza baada ya kuezeka. Mabati yalikuwa yamepigiliwa na fundi ambaye ni afadhali nisimtaje, na mvua ya masika ilipoanza, yakavuja kila mahali ila juu ya meza. Basi aliwalaza watoto wote watatu chini ya meza, juu yake akatandika nailoni, yeye akakaa nje ya meza akikinga maji kwa sufuria, bakuli, hata potii. Anaigiza sauti ya kila chombo: to, ti, tuu. Watoto wetu wanaijua kama wimbo.

Lakini nimegundua jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Hadithi hiyo akiisimulia yeye, tunacheka wote. Nikiisimulia mimi, yeye hukaa kimya, huinuka, huenda kuangalia kuku. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu siwezi kuigiza to, ti, tuu. Kumbe usiku ule mimi sikuwepo. Nilikuwa juu ukingoni, mahali pakavu, nawapelekea wageni supu. Yeye alilowa, kwa hiyo ana haki ya kuufanya ule usiku uwe mchezo. Mimi sina kitu nilichotoa pale isipokuwa kuchelewa kurudi.

Hapo ndipo ninapoegemea sasa, ingawa sijui kama wasomaji mtakubaliana nami. Kicheko cha msiba mdogo kina mwenyewe, naye ni yule uliyemkuta. Akikikaribisha, tuingie sote. Asipokikaribisha, sisi wengine tunapiga hodi kwenye nyumba ambayo hata hatukusaidia kuijenga. Shaaban Robert alipoandika habari za maisha yake katika Baada ya Miaka Hamsini, alikuwa na faida moja: aliandika yake. Tatizo la kustaafu ni kwamba unabaki na muda mwingi na hadithi chache, unaanza kuazima za wenzako bila kuomba.

Kuna watu ambao hatuwezi kuwaomba. Kule Laetoli, ndani ya eneo hilihili la hifadhi ya Ngorongoro, kuna nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita kwenye majivu ya volkano yaliyolowa. Nyayo za wanyama ndizo zilizoonekana kwanza, mwaka 1976, na zilionekana kwa ajali: wanasayansi waliokuwa kambini kwa Mary Leakey walikuwa wakirushiana mavi makavu ya tembo kwa mchezo, na mmoja wao, Andrew Hill, alipokuwa anakwepa akaanguka, akajikuta uso kwa uso na alama ardhini. Zile za watu, tukiwaita hivyo, zilifuata mwaka 1978. Nimewahi kuwasikia waongoza wageni wakizisimulia mezani: eti ni baba na mama na mtoto, eti mama aligeuka kutazama nyuma. Wageni hupenda sana. Labda ilikuwa hivyo, labda walikuwa wanakimbizana kwa ugomvi. Nyayo zimefukiwa tena ili zisiharibike, na wenyewe hawapo wa kutusahihisha. Pale tunaweza kuazima tutakavyo.

Huyu wangu ninaye kwenye simu.

Nilimpigia baada ya wiki mbili za kuzungukazunguka. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilitaka pia kulipa, nikawa nimepiga hesabu ya glasi kumi na nne kwa bei ya leo, kisha nikaona aibu, kwa sababu hesabu yenyewe ilikuwa inafanana na daftari: kitu, idadi, bei. Ada ya mdogo wake ingekaa safu ipi? Miaka yake aliyokosa je? Nikaishia kumwambia kwamba nilijua habari za mbogo nilipomwandika, na kwamba samahani.

Akanyamaza. Nikasikia pikipiki zinapita upande wake. Halafu akasema, "Mzee, hilo nalijua. Sote tulikuwa tunajua." Kuhusu pesa alicheka, akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamuuliza, basi niache kuisimulia? "Ah, simulia tu. Ile ya salamu hata mimi naipenda. Ila ukisimulia, uitaje na ada."

Ombi dogo. Jaribu kulitimiza, ndiyo utaona uzito wake. Jumapili iliyopita watoto walikuja kula mchana, na baada ya makande wakadai ile ya mbogo, kama kawaida. Nikaanza. Ukungu, trei, shikamoo mzee. Wakacheka palepale wanapocheka siku zote. Dirisha, wakacheka. Nami sikuishia dirishani. Nikasema asubuhi yake nilichukua daftari, nikaandika jina lake na glasi kumi na nne, akakatwa karibu nusu mshahara, na mdogo wake aliyekuwa kidato cha pili akarudishwa nyumbani kwa ada, hakurudi tena shule.

Palikuwa kimya. Mwanangu mkubwa akatazama sahani yake. Mama watoto alinitazama mimi, si kwa ubaya. Mjukuu, yuleyule wa chupa ya chai, ndiye aliyeuliza.

"Sasa babu, kwa nini ulimwandika na ulijua ni mbogo?"

Nilifungua mdomo. Ndipo harufu ya maziwa ikatoka jikoni, maziwa niliyokuwa nimeyabandika mwenyewe na kuyasahau, yakifurika na kuungua juu ya mkaa. Nikainuka mbio. Nikiwa bado nahangaika na sufuria, nyuma yangu nikasikia kabati linafunguliwa.